Kumvua wolai Minnesota: anza na jicho lake

Nimekulia Mwanza, kwenye sangara, sato na dagaa, na nilipohamia Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, nilijiona mvuvi tayari. Kiangazi changu cha kwanza nilikwenda gatini kila Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, jua la Julai likinipiga utosini. Niliambulia majani na visamaki vya urefu wa kidole. Mzee mmoja aliyekuwa akifika jioni, wakati mimi nafungasha, ndiye aliyenihurumia. Aliniuliza, "Mbona unaondoka wakati samaki ndiyo kwanza anaamka?" Siku moja aliniita nikae naye. Giza lilipoingia alipata mmoja, akamtia kwenye ndoo, akammulika kwa tochi. Macho mawili yakawaka kama ya paka barabarani usiku.

Huyo ndiye wolai, walleye kwa Kiingereza, ambaye wanasayansi wanamwita Sander vitreus. Nyuma ya mboni yake kuna tabaka linaloakisi mwanga, kwa hiyo mwanga hafifu unatumika mara mbili ndani ya jicho moja. Anaona kwenye giza la machweo na kwenye maji ya tope, mahali ambapo visamaki anavyovila havioni vizuri. Jua kali linamsumbua, akalikimbia kwa kushuka chini au kujificha kivulini. Ukilielewa jicho hilo umeshajua saa ya kwenda, kina cha kushusha ndoano, hata hali ya hewa ya kuiombea. Mambo karibu yote nitakayoeleza hapa yanatoka humo. Nawaandikia hasa ndugu zetu walioko Minnesota na majimbo ya jirani, wenye hamu ya samaki wa kuvua wenyewe lakini hawana boti wala mtu wa kuwafundisha.

Hatua ya 1: Mtambue ukimwona

Wolai ana mwili mrefu, mgongo wa kijani kilichokolea, ubavu wa rangi ya dhahabu, tumbo jeupe na meno kama sindano. Angalia ncha ya chini ya mkia, ina doa jeupe. Angalia pia pezi la kwanza la mgongoni, lile la miiba: upande wake wa nyuma, karibu na ngozi, kuna doa jeusi. Ana ndugu yake aitwaye soga. Soga hana weupe mkiani, na pezi lake la mgongoni lina vitone vilivyojipanga kwa safu. Ukivuka mpaka kwenda Kanada, kule Manitoba au Ontario, utasikia wolai akiitwa pikereli, na wanaosema Kifaransa humwita doré, yaani wa dhahabu. Samaki ni yuleyule.

Usitegemee ukubwa wa sangara. Rekodi ya Minnesota ni pauni 17 na aunsi 8, karibu kilo 8, na imesimama tangu 1979, samaki aliyetoka Mto Seagull kaskazini kabisa mwa jimbo. Wengi utakaowapata watakuwa na inchi 13 hadi 18. Mimi hupenda wa inchi 15 au 16, maana ndio watamu.

Waojibwe, ambao ni wenyeji wa maziwa haya, wanamwita ogaa. Tangu zamani walimvua usiku kwa mwenge juu ya mtumbwi: macho yakimeta ndani ya maji, mkuki unashuka. Wafaransa walipoiona mienge hiyo wakaliita ziwa moja la Wisconsin Lac du Flambeau, Ziwa la Mwenge. Kwetu Mwanza tunawasha karabai ili dagaa waifuate taa, na hawa waliwasha mwenge ili waone jicho. Kwenye majira ya machipuko unaweza kuwaona wakivua kwa mkuki au nyavu wakati msimu wako wewe bado umefungwa. Utasikia watu wakinung'unika gatini. Usiungane nao. Babu zao waliibakiza haki hiyo kwenye mkataba wa 1837 walipotoa ardhi, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999 katika kesi ya Waojibwe wa Mille Lacs.

Hatua ya 2: Leseni na kanuni, kabla ya kununua hata ndoano

Kuanzia umri wa miaka 16 unahitaji leseni. Ukishaishi Minnesota siku 60 mfululizo unahesabiwa mkazi, na leseni ya mkazi ni nafuu kuliko ya mgeni. Inauzwa mtandaoni na kwenye maduka ya chambo, na mwaka wake unaanza Machi 1. Akina mama wakazi wanaruhusiwa kuvua bila leseni wikiendi ya Siku ya Mama mwezi Mei. Mpeleke mama watoto siku hiyo.

Msimu wa wolai hufunguliwa katikati ya Mei, Jumamosi inayotangulia kwa wiki mbili wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya Jumatatu ya mwisho ya Mei. Siku hiyo Minnesota ni kama sikukuu. Watu huanza kuvua saa sita kamili ya usiku, na tangu 1948 gavana wa jimbo naye hushika fimbo hadharani. Ukiwa mgeni kazini, muulize mwenzako tu, "Unakwenda wapi siku ya ufunguzi?" Mtapatana. Msimu hufungwa Jumapili ya mwisho ya Februari.

Kuhusu idadi, kwa miaka mingi kanuni ya jumla ya jimbo imekuwa samaki 6, wolai na soga wakihesabiwa pamoja, na kati yao mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuzidi inchi 20. Lakini kanuni hubadilika, na maziwa makubwa kama Mille Lacs yana masharti yake yenyewe ambayo yanaweza kugeuka hata katikati ya msimu. Idara ya Maliasili ya Minnesota hutoa kitabu cha kanuni bure kila mwaka. Kisome ukurasa wa ziwa unalokwenda, siku unayokwenda.

Jambo linalowanasa watu wetu wengi ni friza. Idadi hiyo ni ya samaki ulio nao wote, wakiwemo walioko nyumbani kwenye barafu. Si sita leo, sita kesho, sita keshokutwa hadi friza isifungike. Na ukiwachambua minofu kabla ya kusafiri, bakiza kipande cha ngozi chenye magamba cha inchi moja mraba kwenye kila mnofu ili afisa atambue ni samaki gani.

Wanaoishi Minneapolis na Saint Paul wajue pia kwamba kipande cha Mto Mississippi kati ya bwawa la Ford na bwawa la Hastings kina sheria ya kumrudisha wolai majini. Unaweza kufurahi naye, kumpiga picha na kumwachia. Kitoweo katafute kwingine.

Nami niliwahi kuonywa. Nilitoka ziwani na ndoo ya chambo ikiwa na maji ya ziwani, nikitaka kuwatunzia visamaki uhai hadi kesho yake. Afisa alinisimamisha kwenye maegesho, akanieleza kwa upole kwamba maji yale yanaweza kubeba mabuu ya kome milia, ambao wakishaingia ziwa jipya hawaondoki tena. Sheria ni kumwaga maji yote ya ziwa kabla hujaondoka. Kama unataka kuwatunza, nenda na maji safi ya bomba yaliyokaa wazi usiku kucha, uwabadilishie papo hapo. Chambo kilichobaki tupa kwenye pipa la taka, usikitupe ziwani.

Hatua ya 3: Vifaa, na usitapeliwe na rafu ya duka

Duka la uvuvi la Marekani linaweza kukumaliza mshahara. Mahitaji yako ya kuanzia ni machache.

Fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7, nyepesi ya wastani, yenye ncha inayopinda kwa urahisi lakini shina gumu. Wolai anachukua chambo kwa adabu sana, na fimbo nene ya kuvulia samaki wakubwa haitakuambia kitu. Rili ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi ya 2500. Mshipi wa nailoni wa pauni 6 au 8. Seti nzima ya fimbo na rili kwa chini ya dola 80 itakutumikia miaka mingi.

Kisha jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi kilichoyeyushiwa humohumo. Nunua uzito wa aunsi 1/8 na 1/4, nusu dazeni kila moja, maana mawe yatakula. Kipimo wanachotumia wengi ni aunsi 1/8 kwa kila futi 10 za kina, na unaongeza kukiwa na upepo au mkondo. Rangi nipe njano ya kijani inayowaka kwenye maji ya tope, na nyeupe au dhahabu kwenye maji mang'avu. Kama mfuko unaruhusu, chagua za tangsteni badala ya risasi, kwa sababu luni, ndege wa jimbo hili mwenye sauti ya kilio usiku, humeza vipande vya risasi akafa kwa sumu.

Ongeza ndoano tupu namba 6, chubwi chache zenye tundu, maboya yanayoteleza kwenye mshipi, koleo lenye mdomo mrefu, wavu wa mkono na taa ya kichwani. Koleo si hiari. Wolai ana meno, na vifuniko vya matamvua yake vina ukingo unaokata kama wembe.

Hatua ya 4: Chambo kwa majira

Mwezi Mei tumia visamaki hai vya inchi 2 hadi 3. Maji yakishapata joto, Juni, hamia kwa ruba. Najua. Nami nilisita mara ya kwanza nilipoona wanauzwa kwenye kikopo kama jamu. Lakini ruba wa dukani si wale wanyonya damu wa kwenye majaruba ya mpunga. Huyu hula mizoga ya majini, hana haja na damu yako. Anajishikiza tu kwenye kidole kwa kile kikombe chake cha nyuma, unambandua. Mtoboe hapohapo kwenye kikombe, upande mnene, ndipo akiwa majini atanyooka na kuogelea kama utepe kwenye upepo. Ruba anayejikunja kuwa donge hana faida, mbadilishe.

Julai na Agosti nyungunyungu wakubwa wa usiku hufanya kazi nzuri sana. Mchome mara moja tu, puani, aning'inie mrefu. Sisi tumezoea kumviringisha nyungunyungu kwenye ndoano hadi afunike chuma chote. Kwa wolai hiyo inaharibu, anataka kuona kitu kirefu kinachocheza. Vuli inapoingia, rudi kwenye visamaki, tena wakubwa zaidi.

Hatua ya 5: Saa na mahali

Hapa ndipo penye uvuvi wenyewe, na hapa ndipo nilipopoteza kiangazi kizima.

Saa bora ni ile inayoanza nusu saa kabla ya jua kuzama hadi saa moja baada ya kuzama. Inayofuata ni alfajiri, kabla jua halijachomoza mpaka lilipande kidogo. Mchana wa jua kali na maji yaliyotulia kama kioo, fanya kazi nyingine. Lakini mchana wa mawingu na upepo unaopiga mawimbi ya wastani ni neema. Mawimbi huuvunja mwanga usipenye, yakatibua tope kwenye ufuko, na visamaki hupoteza mwelekeo. Wavuvi wa huku wana jina maalumu la mawimbi ya namna hiyo, la kumsifia wolai. Kwa hiyo simama kwenye ufuko unaopigwa na upepo usoni. Ni karaha kurusha dhidi ya upepo, na upande wa pili kuna utulivu mzuri wa kukaa na chai. Samaki yuko upande wa karaha.

Mahali hubadilika na majira. Wolai hutaga mara barafu inapoyeyuka, maji yakiwa na nyuzijoto kama 6 hadi 10, usiku, juu ya kokoto na mawe kwenye maji mafupi au mitoni. Hachimbi kiota wala halindi mayai. Siku ya ufunguzi wengi bado wapo karibu na hapo, kwenye futi 4 hadi 10: midomo ya mito, chini ya madaraja, kwenye mifereji inayounganisha maziwa. Asiye na boti, huu ndio mwezi wako. Simama darajani au kwenye ukuta wa mawe na utakuwa sawa na mwenye boti ya dola 60,000.

Juni hushuka hadi kwenye ukingo wa magugu maji, futi 8 hadi 15. Tafuta mahali magugu yanapoishia na kina kinapoanza, maana anakaa mpakani hapo kivulini akingoja. Julai na Agosti wengi huenda kwenye vilima vya chini ya maji na matope ya katikati ya ziwa, futi 20 hadi 30, na mvuvi wa nchi kavu hawafikii mchana. Lakini usiku hurudi. Nimewapata Agosti saa nne usiku mita 10 tu kutoka gatini, kwenye maji ya kunifika kiunoni, pale ambapo mchana watoto walikuwa wanaogelea.

Oktoba na Novemba ni majira yangu. Maji yamepoa, watu wamerudi majumbani, na samaki wakubwa husogea kwenye kingo za mawe usiku kula kabla ya baridi. Vaa nguo nzito, vaa jaketi la kuelea, nenda na mwenzako, urushe chambo bandia chembamba cha umbo la samaki sambamba na ufuko, ukikirudisha polepole. Wafini wana mchango wao hapo: Lauri Rapala alichonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936 akiiga mwendo wa samaki aliyejeruhiwa, na mpaka leo hakuna kinachomzidi kwa usiku wa vuli. Nasema polepole. Ukidhani unakwenda polepole, punguza tena nusu.

Kama una rafiki mwenye boti, wenyewe hukokota vyambo nyuma ya chombo kinachotembea taratibu, kazi ambayo wavuvi wa pwani yetu wanaijua kama kurambaza. Ukialikwa changia mafuta na chambo, na usipande na viatu vyenye matope.

Hatua ya 6: Namna ya kuchezesha

Kwa jigi: rusha, acha izame. Mshipi ukilegea ghafla imefika chini. Laza mshipi juu ya kidole cha shahada cha mkono ulioshika fimbo. Nyanyua ncha ya fimbo kiasi kwamba jigi inapanda shubiri moja, kisha ishushe huku mshipi umekazwa kidogo, usiuachie ukalegea. Pumzika ukihesabu mpaka tatu. Rudia. Mara nyingi anachukua inaposhuka, ndiyo maana mshipi uliolegea ni samaki aliyekwenda.

Sangara akila anakunyang'anya fimbo. Wolai hafanyi hivyo. Anafungua kinywa ghafla, maji yanaingia na chambo kinaingia nayo. Mkononi utasikia tik moja, kama mtu aliyegusa mshipi kwa ukucha. Au hutasikia kitu kabisa, ila ukinyanyua tena utahisi uzito, kama jani lililoloa limeng'ang'ania. Wengi wanaposema "leo hawali" ni kwamba wameliona jani wakalisubiri liachie. Ukihisi jani, vuta kwa kiganja, kitendo kifupi na kikavu. Kama ni jani kweli hujapoteza kitu.

Kwa ruba au nyungunyungu chini ya ziwa, tumia mpango ambao ndugu wawili, Ron na Al Lindner, waliueneza hapahapa Minnesota miaka ya 1960. Pitisha chubwi yenye tundu kwenye mshipi, funga kiungo kinachozunguka ili chubwi isiteremke, kisha funga mshipi mwembamba wa futi 4 hadi 8, na mwisho ndoano namba 6. Siri ni kwamba chubwi inabaki chini huku mshipi ukipita ndani yake, kwa hiyo samaki akichukua hahisi uzito. Ukisikia tik, fungua rili umpe mshipi. Hesabu mpaka tano, au kumi kama maji ni ya baridi. Kisha kusanya ulegevu wote taratibu, ukimhisi nyamaza nusu sekunde, uvute fimbo kwa upande, kwa mkunjo mrefu.

Kwa watoto na kwa aliyechoka kazi ya usiku, boya linaloteleza ndilo bora. Funga fundo la uzi kwenye mshipi kwa kina unachotaka, boya litagota hapo, ruba aogelee futi moja juu ya sakafu. Boya likizama, vuta.

Akishanasa usimkimbize. Fimbo juu, mshipi umekaza, rili ikaze kiasi cha kumruhusu achukue kidogo. Ataitikisa kichwa mara nyingi kuliko kukimbia. Mtangulize kichwa kwenye wavu, usimkimbizie wavu mkiani.

Hatua ya 7: Wa kula na wa kurudi

Wolai huchukua miaka mitatu minne kufika inchi 14. Wale wa inchi 20 kwenda juu wengi ni majike, na jike kubwa moja hubeba mayai kwa maelfu mengi sana. Mimi humrudisha hata sheria inaponiruhusu mmoja. Upper Red Lake imetufundisha: uvuvi wa kupita kiasi uliangusha wolai wa ziwa lile miaka ya 1990, uvuvi ukafungwa, na ni baada ya Waojibwe wa Red Lake na jimbo kukubaliana kufunga kabisa na kupandikiza vifaranga ndipo ziwa likafunguliwa tena mwaka 2006.

Lowesha mikono kabla ya kumshika. Mng'oe ndoano angali ndani ya maji ikiwezekana. Akiwa ameimeza, kata mshipi uiache. Na kuna jambo wengi hawalijui: samaki aliyevutwa kutoka zaidi ya futi 30 kifuko chake cha hewa hufura, na hata ukimwachia anaelea akafa. Kwa hiyo ukishapata idadi yako, acha kuvua kwenye kina hicho. Hakuna kumrudisha kwa maana yoyote.

Hatua ya 8: Barafu ikifunga

Huu ni ulimwengu mwingine, nitagusa tu yanayookoa maisha. Kutembea kwa miguu kunahitaji barafu mpya, ngavu, ya inchi 4 angalau, yaani sentimita 10. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ni dhaifu, iongezee maradufu. Beba mtaimbo, uchome mbele yako kila hatua chache, na vaa shingoni vile vijiti viwili vyenye misumari vya kujivutia ukitumbukia. Karibu na mkondo, madaraja na midomo ya mito usiamini unene wowote. Barafu italia chini yako, mlio mrefu kama wa nyangumi au mlango wa chuma. Mara nyingi inajipanua tu, lakini usione haya kurudi ufukweni ukaanze upya kupima.

Majira haya unaruhusiwa mishipi miwili, wakati kiangazi ni mmoja. Mmoja uucheze mkononi na kichwa cha kisamaki kwenye kijiko kidogo kinachometa, mwingine uache na kisamaki hai chini ya boya. Saa ni ileile ya machweo, ambayo Desemba ni saa kumi na nusu. Ukiwasha jiko ndani ya kibanda acha tundu la hewa wazi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi huua bila harufu.

Hatua ya 9: Jikoni

Mchinje na umweke kwenye barafu mara tu umeamua kumla. Kisu chembamba kiingie nyuma ya pezi la shavuni, kifuate uti wa mgongo hadi mkiani, kisha kitenge mnofu na ngozi. Kuna mstari wa vijiba katikati ya nusu ya mbele ya mnofu, upapase kwa kidole, ukate mfereji mwembamba pande zote mbili uutoe. Usisahau mashavu, vile vipande viwili vya mviringo chini ya macho. Ni vidogo kama shilingi lakini hakuna nyama tamu kuvizidi. Matumbo na mifupa funga kwenye mfuko uvitupe kwenye taka, si ziwani.

Neno moja kwa akina mama wajawazito na watoto: maziwa mengi huku yana zebaki inayojikusanya kwa samaki wawindaji. Idara ya Afya ya Minnesota huchapisha mwongozo kwa kila ziwa, na kwa wolai wa kawaida huwashauri hao wasile zaidi ya mlo mmoja kwa mwezi, na waachane kabisa na wale wakubwa. Wengine tunaweza mara moja kwa wiki.

Wenyeji hupika hapohapo ufukweni, kwenye kikaango cha chuma kizito juu ya kuni, viazi upande mmoja na maharage upande mwingine. Wao hupaka unga wa biskuti. Mimi hutumia unga uleule wa ugali. Kausha minofu kwa kitambaa, nyunyiza chumvi, pilipili manga na ndimu, iache dakika kumi. Ipitishe kwenye yai, kisha kwenye unga wa mahindi uliochanganywa na bizari kidogo. Mafuta yawe ya moto hasa, punje ya unga ikidondoka ichemke mara moja. Dakika tatu upande wa kwanza, mbili upande wa pili, basi. Nyama ya wolai haina mafuta, ukiizidishia moto inakauka. Pakua na ugali, kachumbari na ndimu nyingine. Yale mashavu mawili kaanga mwisho, umpe mtoto aliyekushikia tochi.